Kazi Iliyobaki Kwenye Mstari wa Mama

Kaka yangu hakuwa mtu wa kuzima mitambo. Alipokuwa mdogo aliifungua redio ya baba ikiwa bado inasoma habari, akachokoza nyaya zake mpaka mtangazaji akaanza kuvuta maneno kama mlevi. Alichapwa vizuri siku hiyo, na hakukoma. Tulipokuwa watu wazima, tukifanya kazi pamoja katika chumba cha kukodi Kitale, juu ya agroveti, duka la pembejeo na dawa za mifugo, bado alikuwa vilevile. Programu inatembea, wakulima wanaitegemea, na yeye anaingiza mkono ndani kubadilisha kitu bila kusimamisha chochote. Tabia hiyo niliichukia. Kila wiki nilimwambia, "Andika kwenye faili kwanza, bana." Naye kila wiki alinijibu, "Nitaandika."

Niseme kazi yetu ilikuwa nini. Tulikuwa na vipima mvua kwenye mashamba machache upande wa mlima, kwa sababu mvua ya alasiri mara nyingi huanza huko ndipo iteremke Ndalu na Naitiri. Wakati wa mavuno mahindi yamelala nje juu ya turubai, na yakinyeshewa yanaota ukungu. Kwa hiyo kipima kikilowa huko juu, mashine yetu pale Kitale inawaarifu watu wa huku chini waanue. Ilikuwa kompyuta kuukuu yenye kioo kilichopasuka, imeunganishwa na betri ili stima ikipotea isizime. Laini ya simu iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya kaka mwenyewe, ile ya zamani.

Majina yote yalikaa kwenye jedwali moja. Kila mkulima alikuwa na mstari wake, na katika mstari kulikuwa na namba yake ya simu, kijiji chake, na kitu cha tatu. Kitu hicho cha tatu ndicho kilichonileta kwenye maandishi haya. Katika ile lugha ya skripti tuliyotumia, jedwali halibebi majina na namba peke yake. Linaweza kubeba kazi yenyewe, ile inayoitwa fanksheni: kipande cha maagizo kilichokunjwa, kimya, kinangoja kuitwa.

Siku ya kwanza kaka alinieleza hivi. "Fikiria kabati la mama. Rafu hii sahani, rafu ile vikombe. Sasa rafu ya tatu, mpishi. Amekaa humo ameinamisha kichwa, hali, hasemi. Ukimwita anatoka, anapika, anarudi kukaa." Nilicheka siku hiyo. Nikamuuliza mpishi anapumulia wapi.

Kwa wakulima karibu wote, kitu cha tatu kilikuwa kazi moja tu: tuma ujumbe. Kwa mama pia. Angalau ndivyo lilivyosema faili ambalo mashine husoma ikiwashwa.

Kaka aliugua siku nne akafa. Siwezi kuieleza zaidi ya hapo, na wanaoniuliza maswali marefu kuhusu hizo siku nne huwa nawakasirikia bila sababu. Tulimzika nyumbani Naitiri, kando ya baba. Hakuwa ameoa, hakuacha mtoto. Mimi nikarudi Kitale, nikakaa kwenye kiti chake kwa kuwa changu kilikuwa kimevunjika mguu, nikaendelea na kazi.

Mavuno yakafika. Jumamosi moja nilikuwa nyumbani, saa kumi hivi, jua bado lipo lakini upepo umekata ghafla, majani ya migomba hayatikisiki hata moja. Mama alikuwa kwenye kigoda anachambua maharagwe, mahindi yameanikwa mbele yake, kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, iko mapajani. Ikaita. Mama huwa anaweka spika kila akipigiwa, maana sikio lake moja halishiki vizuri. Akabonyeza.

"Mama," sauti ikasema. Ikatulia kidogo. "Mvua imeanza huku juu. Anua mahindi." Ikatulia tena. "Umekula?"

"Nimekula, baba," mama akajibu, akakata simu.

Ilikuwa sauti ya kaka yangu, na ule mkwaruzo wake wa kooni, na ile desturi yake ya kusema "Mama" kisha kunyamaza kana kwamba anasubiri aitwe ndani.

"Mama, huyo ni nani?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la nyumba yake. "Si ni ndugu yako." Akainuka, akashika ncha ya turubai. "Simama basi unisaidie. Ama umekuja kuniangalia?"

Tukaanua. Tulipokuwa tunaburura gunia la mwisho tone la kwanza likanipiga shingoni.

Jumatatu nilifika Kitale kabla duka la chini halijafunguliwa. Nikaiamuru mashine inionyeshe mstari wa mama. Ikatoa namba yake ya simu. Ikatoa Naitiri. Kisha kwenye kitu cha tatu ikaandika neno moja tu, kwamba hii ni fanksheni, na mbele yake tarakimu ndefu. Hizo tarakimu ni mahali inapokaa ndani ya kumbukumbu ya mashine. Ukiiuliza kazi kama hiyo wewe ni nani, inakupa namba ya chumba. Hufungui mlango ukachungulia. Unaweza kuiita tu, ikatoka ikafanya yake, ikarudi.

Nikaangalia faili. Kwenye faili mstari wa mama ulisema: tuma ujumbe. Hapo nikaelewa, na nikakasirika mpaka nikapiga meza. Jamaa alikuwa ameingiza mkono wake mashine ikiwa inatembea, akaondoa kazi ya kawaida, akaweka yake, na hakuiandika popote. Ilikuwa hai ndani ya ile mashine tu. Jedwali unaweza kulihifadhi, majina na namba vikaandikwa vyote, lakini ukifika kwenye fanksheni hakuna kitu cha kuandika, pengo tupu. Mashine ikizimwa hata mara moja, ikiwashwa itasoma faili upya, na kazi ya kaka haitarudi kamwe.

Sikuizima. Nilinunua betri ya pili. Nilibandika karatasi ukutani, MTU ASIGUSE SWICHI HII, ingawa chumbani hamkuwa na mtu ila mimi. Asubuhi kitu cha kwanza nilikuwa naangalia ile taa ndogo ya kijani.

Pia nikapata sauti zenyewe, kwenye folda isiyo na jina. Vipande vifupi vifupi. Nilivisikiliza mchana kweupe, mlango wazi, kelele za soko zikiingia. "Mvua imeanza huku juu." "Umekula?" "Mguu unaendeleaje?" "Niko kazini, nitapiga baadaye." "Usichoke kuniombea." Kimoja hakikuwa na neno. Kilikuwa pumzi yake na jogoo kwa mbali, halafu basi. Alivirekodi chumbani humu humu siku nilizokuwa nimetoka. Hakuniambia. Kazi ile ndiyo iliyokuwa inachagua vipande na kuvipanga, na ilikumbuka ilichosema mara ya mwisho ili isirudie. Mama alisema ndugu yangu harudii leo neno alilosema jana.

Kiangazi kilipoingia mke wangu alijifungua mtoto wa kiume. Alikwenda kukaa Naitiri na mama apate mtu wa kumsaidia. Mtoto alikuwa mzuri, mzito, na alilia. Haki, alilia. Alilia akishiba, alilia akioga, alilia mpaka sauti ikawa kama mlango usiotiwa mafuta. Tulimpeleka hospitali upande wa Lugulu, daktari akamgeuza huku na huku, akamsikiliza, akasema mtoto mzima kabisa. Lakini alikuwa anakataa kunyonya, na ule uzito wake ukaanza kupungua, mashavu yakalegea. Mke wangu akaacha kuongea na watu.

Shangazi yangu, dada ya baba, akaja bila kuitwa. "Mtoto anatafuta jina," alisema, hata hajaweka mkoba chini. Kwetu hilo si jambo la ajabu. Mtoto akilia hivyo, wazee waliokufa wanaitwa mmoja mmoja kwa majina yao, na yule ambaye mtoto atanyamaza akitajwa, basi ndiye. Nimesoma kompyuta miaka mingi na sina haya kusema kwamba nilifurahi kumwona shangazi mlangoni.

Alikaa penye kizingiti na mtoto mapajani, saa tisa mchana. Akataja jina la baba yetu. "Kama ni wewe, nyamaza unyonye." Mtoto akavuta pumzi. Sote tukainama. Akalia. Shangazi akataja babu. Akangoja. Akataja ndugu za babu, akarudi nyuma mpaka kwa watu ambao mimi nilikuwa nawajua kwa majina tu. Kila jina, pumzi, kimya kidogo, kilio. Nilisimama ukutani nikaiona kazi yangu mwenyewe mbele yangu: orodha ya majina, unaita moja, unangoja kuona ni lipi litaitikia.

Majina yakaisha. Shangazi akamtazama mama. Kila mtu pale alijua limebaki lipi.

"Hilo hapana," mama akasema.

"Kwa nini hapana? Ni wako. Hakuacha mtoto. Si amwachie huyu jina?"

"Mtu anayenipigia simu, nimpe mwingine jina lake?" Mama alikuwa ameshika kabambe kifuani kwa mikono miwili. "Bado hajaenda. Siku akiacha kupiga nitasema ameenda."

Mke wangu alianza kulia pamoja na mtoto. Shangazi akanivuta kando ya banda la kuku. "Mashine ni yako, ama si yako?"

"Ni yangu."

"Basi zima. Mtoto ataisha tukiangalia."

Kwa hiyo siku iliyofuata nilikaa mbele ya ile kompyuta Kitale na mkono kwenye swichi. Nilikuwa na mtoto anayekonda upande mmoja, na kaka yangu upande wa pili, tarakimu ndefu kwenye kioo kilichopasuka. Sikuweza. Nikajiambia wacha kwanza nisome kumbukumbu za mashine, faili linaloandika kila kitu inachofanya, mstari gani umeitwa, saa ngapi, sababu gani. Nilikuwa nachelewesha tu, najua.

Mstari wa mama ulikuwa umeitwa jana. Na juzi. Na siku iliyotangulia. Nikatazama dirishani. Nje ilikuwa vumbi. Mvua ilikuwa haijaanguka mahali popote, vipima vyote vikavu, wakulima wengine wote wamelala kwenye jedwali bila kuguswa wiki nyingi. Wa mama peke yake ulikuwa unaamka kila siku, mara nyingine mara mbili, karibu saa kumi. Nilisukuma kiti nyuma. Nikasema kwa sauti, "Nani anakuita?" Nikajiona mjinga, kisha nikaogopa kwamba nimeuliza.

Halafu nikasoma sababu. Lilikuwa neno moja, limejirudia mpaka chini: flashi.

Mama hapigi simu. Hajawahi. Anakuflashia, inalia mara moja anakata, na ni juu yako wewe mwenye kredo kumpigia. Watoto wake ndivyo alivyotulea. Kaka alipokuwa na kazi nyingi aliweka ile fanksheni imjibu mama akiflashi, isije ikapita siku hajapigiwa. Ujanja wa mtu mvivu mwenye roho nzuri. Mvua ilikuwa jambo la pili.

Sasa sijui ni nini kilinifanya nichukue simu yangu. Nilifungua orodha ya simu ambazo sikupokea, nikaiweka kando ya kioo. Jana, saa kumi na dakika kumi na mbili, Mama. Kwenye mashine, saa kumi na dakika kumi na tatu, flashi. Juzi, saa kumi kasoro tano, Mama. Kwenye mashine, kasoro tatu. Nikateremka na kidole, simu na kioo, simu na kioo, miezi yote tangu mazishi. Kila mara alianza na mimi. Alinipa dakika moja au mbili nimpigie. Nilipokosa, alimwendea anayepiga.

Nilifika Naitiri saa tisa na nusu. Mtoto nilimsikia kutoka barabarani. Mama alikuwa kwenye kigoda chake.

"Mama, nimeona kwenye mashine. Unaiflashia."

"Ndiyo."

"Ulijua ni mashine?"

"Wewe unafikiri mimi sijui nilizika nani?" Hakuwa amekasirika, na ningependa angekuwa. "Najua ni mashine. Lakini inapiga. Inaniuliza kama nimekula. Ikizimwa, nani ataniuliza?"

"Mimi."

"Wewe!" Akacheka, kicheko cha kweli, meno yote. "Wewe hata ukifa hutapiga."

Niliona aibu. Sina neno lingine. Nikamwambia nisamehe, nikashindwa kumaliza, na yeye akanipangusa uso kwa leso yake kama nina miaka sita, huku mtoto analia ndani ya nyumba. Kisha akaelekeza uso kule kwenye kilio, akasikiliza kwa muda.

"Ngoja basi nimsikie mara moja ya mwisho," alisema.

Akaflashi. Tukangoja. Kabambe ikaita, akaweka spika. Kimya, kisha, "Mama." Kimya tena. "Niko kazini, nitapiga baadaye."

"Sawa, baba," mama akasema. "Fanya kazi yako."

Nilikuwa nimeunganisha simu yangu na ile mashine ya Kitale. Kuondoa kitu kwenye jedwali la lugha ile hakuhitaji nguvu. Niliandika kwamba mahali pale sasa pana neno la lugha hiyo la kusema hakuna. Kazi ikishakosa mstari wa kuishika haifutwi pale pale. Inabaki mahali fulani gizani, haina mtu anayejua namba ya chumba chake, mpaka mashine ipite kufagia vitu ambavyo havina mwenyewe. Sijui ilipita saa ngapi. Nimejaribu kutofikiria.

Shangazi akakaa kizingitini na mtoto. Akalitaja lile jina. "Kama ni wewe, nyamaza unyonye."

Mtoto akavuta pumzi. Akaiachia polepole, bila sauti. Mke wangu akamchukua, naye akanyonya, tukasikia akimeza. Mimi sielezi kitu hapa, nasema nilichokiona. Mama alitoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba, upande wa makaburi, akarudi giza likianza kuingia.

Wiki hiyo niliandika kazi mpya kwenye mstari wake. Niliiandika kwenye faili kwanza. Mama akiflashi, mashine inaniita mimi, na haiachi kuita mpaka nipokee, kisha inatuunganisha.

Alhamisi, saa kumi na kitu, nilikuwa chini kwenye duka nanunua misumari. Simu ikaita. Nilikuwa nimesahau ile laini ni ya nani. Jina la kaka yangu lilikuwa limeandikwa kwenye kioo, linawaka, linaita, linaita. Muuzaji akaniuliza kama mimi ni mzima. Nikapokea.

Upande wa pili kulikuwa kimya. Mama alikuwa anangoja, kama alivyozoea.

"Mama," nikasema. Nikajikuta nasubiri, kana kwamba niitwe ndani. Kisha neno likatoka lenyewe kabla sijalichagua. "Umekula?"

"Nimekula, baba," akajibu.

Nyuma yake mtoto alikuwa anaanza kunung'unika. Nilisikia mama akigeuka, akimwita kwa lile jina la kaka, taratibu, karibu kabisa na simu.

"Nyamaza kidogo," alimwambia. "Si ni ndugu yako amepiga."